Fundi wa Kola

Mi nilifika Baraka kujifunza kushona miaka ile ya hamsini, kwenye baraza ya duka moja, mashine nne zimepangwa mustari. Kila fundi alikuwa anakata, anashona, anatia vifungo mwenyewe. Kutwa nzima shati moja, na wageni bakija kupiga domo, hata hiyo moja inalala.

Sijashika hata makasi, mukubwa wetu akachoka na mwendo huo. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa, akatugawia kazi: moja akate tu, moja ashone kifua na mugongo, moja mikono na vifungo. Mi nikapewa kola. Nilikasirika kabisa! Kola ni kazi gani ya kuachia baba na mama? Lakini nisiseme uongo, mwezi haukuisha tukawa tunatoa mashati mengi kuliko zamani, na hakuna aliyechoka zaidi. Mukono ukizoea kitu kimoja, hauulizi tena njia. Kola zangu zilisimama vizuri mpaka batu ba mbali, ba muji wa Mboko, balikuja kuziulizia. Kichwa kikavimba.

Kwetu Fizi, mutu akijua kazi ya mukono, kitu cha kwanza anapelekea baba yake. Baba akikivaa mbele ya batu, ndipo unaitwa fundi. Bila hiyo uko unacheza tu, hata uwe na mashine yako. Miaka mbili baba alikuwa anangoja, na mi niliogopa atachoka kungoja. Basi karibu na Pasaka nikanunua kitambaa cha kaki, nimushonee shati. Jumamosi moja, benzangu bamerudi nyumbani, nikachukua makasi. Kumuuliza mukataji? Mi, mutu wa kola zile? Thubutu.

Nilikata mukono wa kwanza, nikauweka juu ya kitambaa, nikakata wa pili kwa kuufuata, bila kuugeuza. Ikawa mikono mbili, yote ya kushoto. Nilijua wakati wa kuishona, lakini kitambaa kilikuwa kimeisha. Nikaivuta kwa nguvu, nikaipiga pasi, nikapanda kamio, lori ya kwenda kwetu Fizi.

Siku ya Pasaka baba aliivaa. Mulangoni mwa kanisa batu bakasifu kola, naye akaitikia kwa kichwa tu. Pasta akaja kumusalimia. Baba akajaribu kunyoosha mukono wa kuume, shati ikaukamata begani, haukufika. Mbele ya batu bote akamupa pasta mukono wa kushoto. Kwetu hayo ni matusi. Mi nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani alivua shati polepole, akaikunja, kola juu. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniumiza.

"Kola iko muzuri sana," akasema. "Na fundi wa shati, yeye atakuja lini?"

Kesho yake nilishuka Baraka. Sikukaa kwenye mashine yangu. Nilienda kusimama mbele ya mukataji, nikamuomba anifundishe makasi.