Presha ya Kushuka

Mzee Mabula hakuwahi kuiuliza simu yake jambo lolote kabla ya kuisalimu. Alikifuta kioo kwa pindo la shati, akaisogeza karibu na mdomo, akasema, "Mwangaluka," kama anavyosalimiwa kila mtu Usukumani asubuhi, ndipo akaeleza shida yake. Simu, ambayo haikulelewa Bariadi, ilisikia "mwanga" na "Luka", ikamletea bei za taa za sola na sura kadhaa za Injili. Hakuudhika. Aliuliza tena, safari hii bila salamu, akajibiwa. Lakini kesho yake alisalimu vilevile. Mkewe, Milembe, alimwambia aache kusalimia kitu kisicho na mama. Alijibu kwamba mtu anayempelekea mwenzake maradhi bila salamu hastahili kupona.

Simu hiyo ililetwa na mwanawe Danford, anayefanya kazi Dar es Salaam. Kabla yake, Mabula alikuwa mstaafu wa kawaida. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, na kwa miaka mingi alipima pamba za watu. Sasa alianza kuwapima watu wenyewe. Mtaani wakamwita Dokta, kwanza kwa utani, baadaye kwa kusahau kuwa ulikuwa utani. Joakim, fundi baiskeli, alikwenda kwake na kiungulia akarudi na saratani ya kongosho. Aliwaaga ndugu zake wa Lingeka mmoja mmoja, akapatana na mtu waliyenuniana kwa muda mrefu, kisha akaacha pilipili na saratani ikaisha. Hakuna aliyemlaumu Mabula. Kwenye zahanati mtu alishinda kwenye benchi ili apewe panadoli. Kwa Mabula alipewa kigoda, chai, na ugonjwa wenye jina refu la kwenda kuwasimulia wengine.

Ikupa, tabibu wa zahanati ya mtaa, ndiye aliyewapokea wagonjwa hao baada ya simu kumaliza nao. Alikuwa mtu wa Tukuyu, lakini alikuwa ameishi Bariadi muda wa kutosha kuitikia salamu kwa "mhola" bila kufikiri. Zamani wagonjwa walimwambia panapouma. Siku hizi walimletea ugonjwa ukiwa umeshapikwa, yeye kazi yake kupakua. Mwanzoni alikasirika, kisha akachoka, na mwisho akaanza kuwahurumia, kwa kuwa naye alikuwa na simu kwenye droo. Dozi ya mtoto ilipompotea kichwani, aliinamisha macho akaitafuta humo. Siku moja Mabula alimfuma.

"Mayu," alisema, kwa maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama wanayemheshimu, "kumbe tunasoma shule moja."

Ikupa alicheka. Usiku, akiwa peke yake na sahani moja, aliufikiria tena ule utani, akaona haukuwa utani sana.

Mabula alikuwa mgonjwa wake wa presha, na mgonjwa mzuri: dawa alimeza, kliniki alihudhuria. Safari moja kliniki yake iliangukia siku ya chanjo, watoto wakilia kila pembe. Ikupa alimfunga kitambaa cha mashine mkononi, akasoma kioo, akafurahi kweli. Kwa mara ya kwanza namba zilikuwa pale alipozitaka.

"Vizuri, mzee wangu," alisema. "Presha imeshuka."

Akamwita mwingine.

Sasa, kwa watu wa Bariadi, kama kwa watu wengi tu nchini, kuna magonjwa mawili: presha ya kupanda na presha ya kushuka, na yote mawili yanaua. Mabula alitoka pale akijua kwamba amebadilishiwa ugonjwa. Lile "vizuri" lilimshangaza kidogo, lakini alishazoea kuwa watu wa hospitali husema vizuri hata wakishika mguu uliovunjika. Alifika nyumbani, akafuta kioo, akasalimu, akauliza habari za presha ya kushuka. Simu ilimweleza dalili: uchovu, kizunguzungu, macho kuingia giza. Mabula alisimama ghafla ili ajipime, akaona kizunguzungu. Ikamshauri anywe maji, aongeze chumvi, alale miguu ikiwa juu, na amuulize daktari kuhusu dawa zinazoshusha presha. Hakuona cha kuuliza. Mtu ambaye presha yake imeshuka, anywe dawa ya kushusha presha ili ifike wapi?

Ikupa alipokuja kuyajua haya, alitafuta kosa kwenye hoja ile asilione. Hilo ndilo lililomsumbua.

Aliyeifichua siri ile ni Milembe. Alikuja zahanati siku kadhaa baadaye, akasema mumewe ameacha vidonge na anakunywa maji ya chumvi kama ng'ombe wa kwao Kimali. Ikupa alibeba mashine akamfuata nyumbani. Walimkuta Mabula chali kitandani, miguu juu ya gunia la pamba, uso umeiva. Alifurahi kupata mgeni. Mashine ilisoma juu ya mia mbili, Ikupa akapima tena, ikasoma vilevile.

Alimwambia kwamba kushuka kule kulikuwa ndiyo kupona, kwamba dawa ilikuwa inafanya kazi, na kwamba asipoirudia leo hii atapata kiharusi. Mabula alimsikiliza kwa adabu.

"Mayu, wewe uliniambia neno moja," alisema. "Huyu alinieleza mpaka chaji ikaisha."

Ikupa aliweka mashine chini. Alivuta kigoda, akakaa, akaeleza upya, polepole, kama mtu asiyesubiriwa na yeyote. Mzee akakubali, kwa sharti moja: amuulize na mwenzake. Basi Ikupa akamtamkia maneno ya kuuliza, mzee akayarudia kwenye simu, wote watatu wakangoja mtandao. Jibu likaja kwamba asiache dawa kabla ya kumwona mtaalamu.

"Anasema nimwone mtaalamu."

"Si mimi hapa, mzee wangu?"

"Basi mmeelewana," alisema Mabula, akameza kidonge mbele yake.

Ikupa alirudi akiwa mwepesi. Lakini mwili haukungoja maelewano yao. Alfajiri Milembe alimleta mumewe kwa bajaji, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Habari zilikuwa zimeshafika kwenye kundi la simu la mtaa, na kundi lilikuwa limeshatoa tiba: wengine tangawizi, wengine aning'inizwe kichwa chini, wengi wakisema atobolewe ncha za vidole damu mbaya itoke. Joakim alifika getini na sindano ya kushonea viatu, akitweta, machozi yakimtoka. Ikupa aliichukua ile sindano bila kumkaripia.

Gari la wagonjwa lilimpeleka Mwanza, na hakufika. Alikata roho walipokuwa wakipita Nassa. Walimzika kwao Kimali. Kundi lilituma pole nyingi, na katikati ya pole mtu alituma orodha ya majani yanayosafisha mishipa, ikapendwa kuliko tangazo la msiba.

Ikupa huikumbuka zaidi ile asubuhi kabla gari halijaondoka. Mabula alikuwa kwenye machela, akimtazama usoni wakati mashine inasoma, kama yeye alivyowahi kutazamwa na wakulima mizani ikicheza. Safari hii Ikupa hakumwita mgonjwa mwingine. Aliinama karibu naye, akamwambia presha imepanda sana. Mzee alimshika koti kwa mkono uliobaki mzima, akakusanya maneno kwenye nusu ya mdomo iliyomtii.

"Na hiyo ya kupanda, mayu," aliuliza, "ndiyo nzuri?"