Mkanda Uliooshwa kwa Javeli

Gari la kwanza nililolijua vizuri lilikuwa pikapu ya mjomba wangu, huko mjini Mahajanga, katikati ya miaka ya sabini. Mjomba alikuwa akichukua samaki wakavu kijiji cha Boanamary na kuwaleta sokoni Mahabibo. Milango ya pikapu ile haikushika, kwa hiyo alikata mikanda ya viti akaifanya ya kufungia milango. Alisifu sana mikanda ile. Alisema haikatiki kama kamba za dukani. Hakujiuliza kwa nini waliotengeneza gari waliweka kitu kigumu namna ile ubavuni mwa dereva.

Siku moja mkokoteni wa ng'ombe ulitoka kwenye majani mbele yetu, mjomba akakanyaga breki. Mwendo wetu ulikuwa mdogo, hata baiskeli ingetupita. Paji lake la uso lilipiga kioo, na kovu alibaki nalo maisha yake yote. Mimi nilikuwa nyuma juu ya magunia. Alisema ni kudra ya Mungu. Nilitazama mikanda iliyofungwa mlangoni, nikafikiri kwamba Mungu alikuwa ameshatoa msaada wake, na sisi tukaupiga kisu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu tu.

Si muda mrefu baadaye niliondoka Mahajanga, kama walivyoondoka wengi wetu wenye asili ya Komoro baada ya ghasia za kutufukuza. Nilifika Dar es Salaam bila ndugu wa kunipokea, nikajifunza Kiswahili cha watu wa huko, nikaosha magari, nikaingia chuo cha ufundi, nikatoka na diploma ya umakanika. Kisha nikaenda Reunion, kisiwa cha Wafaransa, nikafanya kazi miaka mingi, na huko nikasomea mikanda na mifuko ya hewa, jambo ambalo mafundi wengi wa rika langu wanaliogopa hadi leo. Niliporudi Mahajanga na kufungua gereji Mahabibo, nilitundika diploma ukutani mahali ambapo mteja anaiona kabla ya kuniona mimi. Sioni haya. Kila herufi iliyo juu yake niliitolea jasho.

Nilirudi na gari langu pia. Lilikuwa na mifuko ya hewa mbele ya dereva na mbele ya abiria, na mingine miwili imefichwa ubavuni mwa viti vya mbele. Wakati ule, katika mtaa wetu, sikumjua mwingine mwenye gari kama hilo, na niliwaambia watu hivyo.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa ameolewa kisiwani Nosy Be na amekaa huko tangu ujana wake. Binti yake alichumbiwa na kijana wa Mahabibo, na kwa desturi yetu mjomba hawezi kukaa pembeni katika ndoa ya mpwa wake. Ilikubaliwa kwamba nitaendesha hadi Nosy Be, nivuke na gari kwa pantoni, niwalete bibi harusi na mama yake kwenye nyumba ya familia Mahabibo.

Nyumbani tunazungumza Kikomoro kilichochanganyika na Kimalagasi. Maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili.

Dada alikuwa na sababu yake ya kutaka kuja kwa gari langu. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamesema, na maneno yalimfikia, kwamba yule msichana wa Nosy Be atakuja na mchanga wa miguuni tu, hana kingine cha kuleta. Dada ni mtarizi. Wanawake wa Nosy Be wanatarizi vitambaa vya meza kwa namna yao: wanachora maua, wanashona kingo zake, kisha wanakata kitambaa katikati ili maua yabaki yamezungukwa na matundu. Kwa miezi mitano alitarizi makava ya viti vya gari langu, kwa vipimo alivyoniomba kwa simu na ambavyo nilimpa bila kuuliza ni vya nini. Alitaka ashuke mbele ya wanawake wale kutoka kiti cha mbele, kimevaa kazi ya mikono yake, na ndugu yake mwenye diploma amfungulie mlango.

Nilifika Nosy Be, na siku moja kabla ya safari ya kurudi niliacha gari kwa dada, nikaenda Ambatoloaka, ufukwe wa watalii kisiwani humo. Mwenye magari ya kubeba watalii alikuwa amesikia sifa zangu, akaniomba nimkagulie mikanda. Karibu vifungio vyote vilikuwa vimejaa mchanga wa pwani. Nilivuta kila mkanda hadi mwisho, nikatazama kama umechanika au umelika, nikauachia kuona kama unarudi wenyewe, kisha nikauvuta kwa ghafla kuona kama unakaba. Mitatu haikukaba. Nilimwambia aibadilishe, asiishone. Aliniuliza kama uzi wa nailoni haufai. Nikamwambia uzi wa nailoni unafaa kwa nyavu.

Niliporudi kwa dada nilikuta gari limevikwa. Dada na binti yake walikuwa wamesimama pembeni wakiningoja. Kitambaa kilikuwa cheupe, maua yake meupe, na lazima niseme sijaona kazi kama ile hata Reunion. Juu ya dashibodi, upande wa abiria, walikuwa wamebandika kwa gundi kitambaa kidogo na kisanduku cha tishu.

"Sema basi," akasema dada.

"Vifungio vya mikanda viko wapi?"

"Vipo chini. Vilikuwa vinaharibu sura ya maua."

"Na kile kisanduku?"

"Mtu akitokwa na machozi ya harusi atajifutia nini?"

Nilianza na kisanduku kwa kuwa ndicho kilichokuwa chepesi. Nilimweleza kwamba chini yake kuna mfuko unaofumuka haraka kuliko mtu anavyoweza kupepesa jicho, na kwamba chochote kilichobandikwa pale kitarushwa usoni mwa aliyekaa mbele. Nikamwonyesha lebo ndogo ubavuni mwa kiti, chini ya kava, nikamwambia kwamba hapo pia kuna mfuko, na kitambaa kizito kama kile kitauzuia usitoke au kitautuma upande usiostahili.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo yakatwe. Ubavuni yabaki wazi kabisa. Na pa vifungio patobolewe."

Dada aliniangalia. "Ulikwenda Ulaya kusomea kutia mkasi katika kazi za watu?"

"Reunion si Ulaya."

Binti yake akasema, "Mama, huyu mjomba siku akizikwa atauliza mwanandani una mkanda au hauna." Wakacheka wote wawili, nami nikawaacha wamalize.

Nilifikiri atakataa. Lakini aliingia ndani, akatoka na mkasi wake mdogo, akakaa kwenye kiti cha gari miguu nje. "Matundu ndiyo kazi yangu," akasema. "Nionyeshe wapi." Nilichora kwa chaki. Alipendekeza ubavu ushonwe kwa uzi dhaifu ambao mfuko utaukata wenyewe. Wazo hilo si la kijinga, viwandani wanalifanya. Lakini viwandani wanaupima uzi, nasi hatukuwa na cha kupimia zaidi ya miili yetu. Nilikataa. Akakata, akapindua kingo na kuzishona kwa mshono uleule wa maua, na ilipofika jioni vifungio vilikuwa vimechomoza kila kimoja kwenye tundu lake kana kwamba kava lilichorwa hivyo tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipoanza kukagua mikanda yangu mwenyewe, kama ninavyofanya kabla ya kila safari ndefu. Wa dereva ulikuwa mzima. Mitatu ya nyuma mizima. Nilipovuta wa abiria wa mbele ulitoka na harufu. Rangi yake nyeusi ilikuwa imegeuka kahawia, na uzi wake ulikwaruza vidole kama majani makavu.

"Huu umefanywa nini?"

"Nimeuosha," akasema dada. "Ulikuwa na madoa ya kahawa yako. Ningewekaje kava jeupe karibu na mkanda wenye madoa?"

"Umeuosha kwa kitu gani?"

"Kwa javeli. Nimeuvuta wote, nikausugua, nikaubana kwa vibanio juani tangu ulipoondoka asubuhi."

Mkanda unaoshwa kwa sabuni laini na maji, unafutwa, unaachwa ukauke kivulini kabla ya kurudishwa. Javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe, inakula nyuzi zake kutoka ndani. Nilimweleza hayo. Nilimweleza pia kwamba mfuko wa hewa umetengenezwa kumpokea mtu aliyeshikwa na mkanda. Asiyeshikwa unampiga kabla hajakaa sawa. Mkanda mwingine wa gari lile haukuwapo Nosy Be wala Mahajanga. Ungetoka Reunion, na harusi haikuwa ya kungoja.

"Kwa hiyo?" akauliza tena, lakini safari hii alikwisha kujua.

"Kiti cha mbele hakikaliwi. Wewe na mwanao mtakaa nyuma."

"Mkanda huo mzima. Vuta. Umekatika?"

"Kwa mkono hautakatika."

"Nimekitarizi kiti kile miezi mitano. Niwafikie watu wale nikiwa nyuma, kama mzigo?"

"Nyuma wanakaa hata mawaziri."

"Mawaziri hawakusemwa mchanga wa miguuni."

Ningeweza kumpa kiti, nikaenda polepole, pengine tukafika salama. Magari mengi yanafika. Lakini sikuitafuta diploma ili nifike kwa pengine. Asubuhi tulipanda pantoni, dada amekaa nyuma ya kiti changu, mpwa wangu kando yake, na kiti cha mbele kimevaa maua bila mtu.

Tangu Ankify, pantoni ilikotushusha, hadi Antsohihy dada alizungumza na binti yake tu. Nilimwona kwenye kioo akitazama kile kiti. Antsohihy tulilala kwa ndugu wa shemeji, na asubuhi nilipomwambia ateremshe sehemu ya chini ya mkanda ikae kwenye nyonga badala ya tumboni, na aondoe mikunjo ya leso iliyokuwa chini yake, alifanya hivyo. Nilihesabu hilo kuwa amani ya kutosha.

Tulifika Mahabibo saa kumi za jioni. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekuja kupokea, wamejaa barazani kwetu. Nilimfungulia dada mlango wa nyuma. Alishuka akanyoosha leso, akamkabidhi mpwa wangu kwa shangazi zetu, kisha akasimama kando ya gari huku wanawake wakichungulia ndani. Hakuna aliyetaja mchanga. Mmoja aliuliza ni mashine gani inayotoa matundu kama yale, na dada akainua vidole vyake.

Bibi mzee wa bwana harusi ndiye aliyetazama kwa muda mrefu kuliko wote. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, aliyeheshimiwa mtaa mzima. Alipitisha kidole kwenye mishono. Kisha akafungua mlango wa mbele, akaketi juu ya maua.

"Mwanangu," akaniambia, "nirudishe kwangu. Mitaa mitatu tu. Nataka watu wanione nimekaa hapa."

Baraza zima liligeuka kusikiliza. Kumpeleka mzee yule katika kiti kile ilikuwa heshima ambayo upande wetu ungeizungumzia miaka. Kumtoa humo kulikuwa na jina lake pia, dharau. Niliketi nyuma ya usukani, sikuwasha injini.

"Bibi, mkanda wa hapo si wa kutegemea."

"Mkanda wa nini? Ukisimama hapa unaiona nyumba yangu."

Nilikuwa na maelezo tayari. Ningeweza kumweleza nyuzi, mfuko, na kichwa cha mjomba kilichopiga kioo kwa mwendo wa baiskeli. Ningeyaeleza vizuri kuliko fundi yeyote wa jimbo lile. Lakini swali la kwanza baada ya maelezo yangu lingekuwa nani aliuharibu mkanda, na jibu lilikuwa limesimama nje ya dirisha mbele ya watu aliotaka kuwaonyesha kazi yake. Kwa hiyo maelezo niliyaacha, nikaweka mikono juu ya usukani. Sikusudii kujisifu kwa hilo. Injini sikuwa tayari kuiwasha.

Dada aliniangalia, akatazama ufunguo usiogeuka. Akainama dirishani.

"Bibi, mkanda huo niliuharibu mimi. Niliuosha kwa javeli."

"Kwa javeli?"

"Ulikuwa na madoa. Ndiyo maana hata mimi nimekuja nyuma tangu Nosy Be. Njoo tukae pamoja huko."

Barazani mtu alikohoa. Yule mzee aliuvuta mkanda, akauleta puani, akaunusa.

"Hata mimi ningeuosha kwa javeli," akasema. "Nguo chafu karibu na nyeupe, ungeiosha kwa nini kingine?" Akanyoosha mkono dada amshike, akashuka, akazunguka nyuma.

Dada alimfunga. Aliuteremsha mkanda kwenye nyonga, akatoa mikunjo ya leso, akaupitisha ule wa juu begani mbali na shingo, akasukuma ulimi wa chuma hadi ukalia. Mzee akasema unabana. Dada akamwambia haubani, umemshika tu, kisha akajifunga mwenyewe.

Niliwasha injini, nikangoja taa ya mifuko ya hewa izimike, nikaondoka. Nilikwenda taratibu, kwa kuwa watu walikuwa wengi njiani. Kiti cha mbele kilipita kitupu mitaa yote mitatu, hakuna mgongo uliokifunika, na watu wa Mahabibo wakatoka kwenye maduka yao kukitazama.