Goli Lililofungwa Mara Moja

Nikiikumbuka siku ile, mwanangu, kitu cha kwanza kunijia ni matope. Mvua ya Kisii unaijua, haina adabu. Hunyesha mchana kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na siku ile ilinyesha ikauacha uwanja wa mjini ukifanana na shamba linalongoja mbegu. Nilikuwa golikipa wa timu yetu, kijana wa mikono mirefu na maringo marefu zaidi. Maringo yenyewe yalikuwa yamezidi kwa sababu lori la televisheni lilikuwa limetoka Nairobi kuja kuonyesha mechi yetu moja kwa moja. Tulinyoa ndevu. Tulipaka mafuta mpaka magotini. Beki wetu mmoja aliingia uwanjani na saa mkononi, refa akamvua ile saa.

Ilikuwa Jumapili, bahati njema. Nyumba yetu ni ya Wasabato, na mechi ingekuwa Jumamosi, mimi nisingecheza wala bibi yangu asingetazama. Lakini ilikuwa Jumapili, kwa hiyo nilicheza, naye alitazama.

Kipindi cha pili kikielekea ukingoni, tukiwa sare, mpira ulinijia. Niliudaka, mwanangu. Niliuhisi kabisa kwenye glavu. Kisha ukaniponyoka kama sabuni, ukapita katikati ya miguu yangu, ukavuka mstari polepole na kusimama kwenye matope, mimi nikiutazama. Tulifungwa moja bila. Mambo yangeishia hapo, ningelia jioni na kusahau baada ya wiki. Ajali haina kinga, na golikipa asiyefungwa bado hajazaliwa.

Lakini televisheni nayo ilikuwa na kazi yake. Mimi nilikuwa uwanjani, sikujua walichokuwa wakionyeshwa watu. Nilikuja kujua jioni nilipofika soko la Nyakoe, njia ya kwetu. Vijana waliponiona walisimama katikati ya barabara, mmoja akaanza kuanguka. Alianguka taratibu sana, mdomo wazi, mikono ikipapasa hewa, huku mwenzake akimzunguka na kopo jichoni kama kamera. Akishafika chini anainuka, anaanguka tena, kwa mwendo uleule wa kinyonga. Akina mama wa ndizi walicheka mpaka wakafuta machozi. Kufikia Jumanne nilikuwa na jina jipya. Waliniita Marudio.

Wewe unaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo. Mpira ndio kitu pekee nilichokijua vizuri duniani, na wiki ile niliamua kuuacha. Nilimtumia kepteni ujumbe atafute kipa mwingine, nikajifungia ndani ya saiga yangu, ile nyumba ya kijana asiyeoa, nikalala nikiutazama ukuta.

Hapa nikueleze jambo la kwetu, maana nyinyi wa siku hizi mnaruka mipaka ya heshima kama mtu anayeruka kijito. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyekua. Wala hawakai wakazungumzia jambo la aibu ana kwa ana. Kwa hiyo baba yangu alikuwa akipita nje na panga lake, akifika mlangoni anakohoa, kisha anaendelea na safari yake kwenye migomba. Nilikitafsiri kikohozi kile kwa ubaya wote niliokuwa nao moyoni. Niliona hata yeye amechoka nami.

Bibi ni mambo mengine. Bibi na mjukuu wa kiume ni watani. Yeye aliniita mume wangu, nami nikimwambia amezeeka nitatafuta mwingine. Heshima ile ya baba na mwana haikumhusu. Alisukuma mlango bila hodi, ameshika kibuyu cha uji wa wimbi, akaketi kitandani karibu na miguu yangu. Mechi aliitazama pale Nyakoe, kwenye duka la Mhindi mmoja mpole aliyekuwa ameigeuza televisheni yake iangalie barabara ili majirani waone.

Nilidhani amekuja kunipa pole. Hakunipa. Alinitazama kama anayetazama mtambo ulioharibika, akauliza:

"Mume wangu, ule mpira ulitoka wapi?"

Nikamwambia ulitoka kwa adui, ungetoka wapi kwingine.

"Nimekuona ukianguka mpaka nikachoka. Lakini kabla haujafika kwako ulikuwa kwa nani? Hapo hawakuturudishia."

 Kusema kweli nilikuwa sikumbuki, mimi mwenyewe niliyekuwa nimesimama langoni. Nilikuwa nimekwisha kulikumbuka goli langu kama watu wa barabarani walivyolikumbuka, kuanzia mikono yangu ilipofunguka. Bibi naye hakunyamaza. Akataka kujua ni nani anayeliambia lile jicho la televisheni ligeuke. Akauliza mtu anawezaje kuanguka polepole vile ilhali dunia inavuta upesi. Na yule mtangazaji anayepiga kelele, amekaa wapi hata aone kila kitu? Kuuliza si ujinga, na kwa bibi yangu kuuliza kulikuwa burudani. Aliondoka na nusu ya uji wake, akasema atarudi nikiwa na majibu.

Majuma machache baadaye lori likarudi mjini kwa mechi ya timu nyingine. Bibi alisikia habari hiyo kabla yangu, akaja amevaa kanga yake ya kanisani. Nilikataa kwenda. Akasema basi atakwenda peke yake, na atawaambia yeye ni bibi ya nani. Unadhani ningefanya nini? Nilivaa kofia, nikaishusha mpaka kwenye nyusi, nikamfuata.

Fundi aliyekuwa mlangoni mwa lori alituambia haturuhusiwi. Bibi hakubishana. Aliketi kwenye ngazi ya lori, kikapu cha ndizi mbivu mapajani, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mimi nangoja Yesu hii miaka yote. Wewe nitashindwa kungoja?"

Yule fundi alicheka mpaka akaegemea mlango. Akatuingiza, tukapewa kona ya kusimama na sharti la kufunga midomo mpaka mapumziko.

Mwanangu, usione vyaelea, vimeundwa. Ndani ya lori mlikuwa na ukuta wa televisheni ndogondogo, na kila moja ilikuwa na habari yake. Moja inaufuata mpira. Nyingine inamtazama kocha anayetafuna kucha. Nyingine iko kwa golikipa peke yake upande wa mbali, anarukaruka kwa baridi, na nyingine inapita juu ya mashabiki na miavuli yao. Chini yake kulikuwa na televisheni moja kubwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikienda nchi nzima. Mbele yake aliketi msichana amevaa vipokea sauti masikioni, anasema upesi kama mpiga mnada. Mbili, jiandae. Mbili. Nne, nipe kocha. Nne. Kila alipotaja namba, picha kubwa ilibadilika. Na yule mtangazaji tuliyemheshimu sana vijijini, kumbe alikuwa na televisheni ndogo mbele ya pua yake, na mara nyingi alichokisema kilitegemea picha aliyoichagua yule msichana. Nilisahau kofia yangu. Nilisahau hata kuona haya. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya matope, nilikuwa nataka kujua kitu.

Pembeni alikuwapo mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kuyahifadhi yaliyopita na kuyatoa akiombwa, ya haraka au ya polepole. Mchezaji mmoja alipogongwa akalala chini, msichana alisema, nipe ile kona tena. Akapewa. Uwanjani mtu alikuwa akikandwa goti, na nchi nzima ilikuwa ikitazama kona iliyokwisha kupita.

Mapumziko yalipofika, bibi aligawa ndizi, kisha akamgeukia msichana.

"Hii macho yote ni yako?"

Msichana akasema ni yake.

"Na inayoenda kwa watu ni moja. Sasa hii ingine yote unaacha, inaenda wapi?"

Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa hivyo. Alitazama ule ukuta wake kama amewekewa pale sasa hivi.

"Haiendi mahali, shosho. Inapotea tu."

"Na goli ya huyu mume wangu, kwa nini ulirudia-rudia? Alikukosea?"

Nilitamani sakafu ya lori ipasuke. Msichana alinitazama chini ya kofia, akanitambua, akavua vile vipokea sauti. Alikumbuka, lakini si nilivyodhani atakumbuka. Alisema mara tu baada ya lile goli winga wetu aliumia, na waliobeba machela walizama kwenye matope katikati ya uwanja. Mchezo umesimama, na yeye hawezi kuwaonyesha watu majani na mvua, watahama wote. Ndipo akaomba goli lirudishwe. Machela bado. Akaomba tena, kutoka nyuma ya lango. Machela bado. Akaomba tena, polepole, uso kwa karibu.

"Kumbe ulikuwa unangoja machela," bibi akasema.

"Nilikuwa nangoja machela, shosho."

Kwanza nilikasirika, nisikufiche. Nilikuwa nimelala siku zote zile nikiutazama ukuta, nimeitupa glavu uvunguni, nikiamini kwamba taifa zima lilikaa baraza likaihukumu mikono yangu. Kumbe hapakuwa na hukumu. Kulikuwa na machela iliyokwama, na mimi nikawa kitu cha kujazia nafasi. Kisha nikacheka, na bibi akacheka, na msichana naye. Aliniambia pole, na niliamini anamaanisha. Akasema akiwa pale ndani huwa anamwona golikipa, hafikirii kwamba jioni golikipa atapita sokoni kwao.

Tulirudi kwa miguu. Tulipoanza kupanda kilima cha kwetu, bibi akasimama avute pumzi, mkono wake begani kwangu.

"Baba yako alikuwa uwanjani siku ile," akasema.

Nilimwambia haiwezekani. Baba na mpira wapi na wapi.

Akasema alikuwapo. Alisimama penye uzio upande wa lango langu, amejifunika mfuko wa mbolea kwa sababu ya mvua. Aliona mipira yote niliyoidaka kabla ya ule. Aliona beki wetu akiteleza, ndipo mpira ukapita ukaja kwangu, mzito na umelowa. Alirudi nyumbani usiku, akala ugali wote uliokuwa mezani, akaulizia kama kuna mwingine. Mtu aliyeaibishwa na mwanawe, bibi akasema, hali hivyo.

"Hakuweza kuingia kwako akwambie. Akaja kwangu. Akasema, mama, nenda umuulize ule mpira ulitoka wapi."

Nililia pale kilimani, na bibi aliniacha nilie. Kila asubuhi baba alikuwa akipita mlangoni kwangu na jambo alilotaka kuniambia, na desturi ilikuwa imemfunga mdomo.

Nilirudi mazoezini. Mechi iliyofuata hapakuwa na lori wala kamera, na kutoka langoni niliutazama uzio, nikauona ule mfuko wa mbolea na miguu ya baba chini yake. Siku hiyo nilifungwa tena. Niliuokota mpira wavuni, nikautazama uzio. Hakuwa amesogea. Nikaupiga mpira kati, tukaendelea. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo, mimi naye, mpaka alipofariki, na sikuwahi kuhitaji tuizungumze.

Sasa, mwanangu, enzi zile lori lilikuja Kisii mara moja moja. Leo kila mkono una kamera. Wakikunasa ukiteleza, watairudia picha hiyo kabla hujainuka, na wengi wao hawakuchukii. Wanangoja tu machela yao. Kuteleza si kuanguka. Usilitazame kosa lako kwa jicho la anayelirudia, maana yeye huanzia pale mikono inapofunguka. Wewe rudi nyuma, uulize mpira ulitoka wapi. Na ukimwona mwenzako kwenye simu yako akianguka, uliza vivyo hivyo kabla hujacheka, kisha kama unaweza, usiirushe picha hiyo kwa mwingine. Macho hayana pazia, lakini kidole unacho wewe.

Zaidi ya yote, usimhukumu anayekupenda kwa sababu hajasema. Huenda alikuwapo.

Nenda kwa amani. Mungu aibariki mikono yako, inapodaka na inapoponyokwa. Na siku utakayofungwa mbele ya macho ya watu, akujalie kumwona mtu mmoja penye uzio, amelowa, na hana haraka ya kwenda nyumbani.