Maksai wa Loserian Hawakunywa

Loserian wa Olmotonyi alijulikana kwa mambo mawili: maksai wake wanne na kiu yake. Miaka ile Mjerumani alipokuwa akijenga boma Arusha, yeye alisomba magogo kutoka mlimani, na kila akishusha mzigo alipitia kwenye pombe. Akina mama wakisikia gurudumu lake likilia njiani, huwaingiza watoto na mbuzi ndani.

Siku moja alisinzia juu ya gari, mjeledi mkononi. Gari likaacha njia, likaingia migombani kwa mzee Anaeli, likamvunja mguu.

"Maksai ndio waliokosea," Loserian aliwaambia wazee.

"Na wao walikunywa?" akauliza mzee Sakaya.

Wazee wakakata shauri. Alete kondoo na mtungi wa pombe ya ndizi, anywe na Anaeli kibuyu kimoja, kisha amfikishe kwake mlangoni kwa gari lile lile. Akishindwa, maksai ni wa Anaeli. Na bila maksai, Loserian alikuwa nani? Mtu na mjeledi wake tu.

Siku ya siku wakanywa, wakapatana, wakapatana tena, hata Anaeli akamwita mkwe, na binti hana. Jua likaanza kuinama.

"Twende, baba, nikupeleke," akasema Loserian. Akapanda gari kwa upande huu, akaangukia upande ule.

Anaeli akaukumbatia mtungi. "Mguu umenibaki mmoja, mwanangu. Huu bado nina kazi nao."

Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Sakaya akapangusa macho. "Basi mke wa Loserian ashike mjeledi. Mume atangulie na kamba ya maksai. Tukimkanyaga mtu leo, tuanze na yeye."

Wakaondoka hivyo. Loserian mbele, pembe nane nyuma yake, pumzi za moto zikimpiga kisogoni.

"Kaza mwendo, baba Saruni," mkewe Nosim akamwambia kutoka juu ya gari. "Mwenye mjeledi leo hajanywa."

Kwenye mteremko alikimbia kama ndama. Walipofika mtoni pombe yote ilikuwa imemtoka kwa jasho, na mlangoni kwa Anaeli aliweza hata kuhesabu migomba aliyoiangusha. Kumi na mmoja.

Anaeli akashushwa taratibu, mguu wake mzima ukiwa mzima. "Maksai baki nao," akasema. "Mjeledi mwachie mama Saruni."

Tangu hapo, Loserian akinywa hutangulia. Akina mama hawafichi tena watoto. Huwatoa nje wakamwone anavyokimbia.