Vinundu Saba vya Gari Namba Tisa

Pasi hakuzaliwa na jina hilo. Tulimpa sisi wa gereji, kwa sababu bati lolote lililopita mikononi mwake lilitoka limenyooka. Mimi ni mshona viti. Nimekaa naye chini ya paa moja miaka ishirini na miwili, mashine yangu hatua sita tu kutoka kwenye nyundo zake, na kama leo sikio langu la kushoto ni zito, wa kulaumiwa anajulikana.

Alikuwa na tabia moja iliyompa sifa: nyongeza. Ukimletea mlango uliobonyea, ataunyoosha, na boneti ambayo hukuitaja nayo utaikuta imeondolewa kovu lake la zamani, bure. Hakusema. Alikuacha ugundue mwenyewe ukifika nyumbani. Nilimwambia mara nyingi kwamba si kila mtu anapenda mali yake ishikweshikwe. Alicheka tu, akasema bati lililopinda linamkosesha usingizi.

Basi likaja gari namba tisa. Gari dogo, jekundu, pua yake chini kama mbwa anayenusa njia. Kiwanda kilitengeneza arobaini tu ya aina hiyo, tena si kwa kupenda: sheria za mbio za siku zile zilitaka gari la mashindano liwe na ndugu zake wanaouzwa kwa watu wa kawaida. Kila moja lilipigiliwa kibati cha namba karibu na usukani. Hili la tisa lilikuwa la dereva wa mbio, marehemu sasa, na aliyelileta ni binti yake, mama wa makamo mwenye sauti ya chini.

Siku ya mwisho ya mbio moja kubwa, kwenye matope, baba yake aligonga ukingo wa barabara. Madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, ilikunjika ikalikaba tairi. Akapiga magoti, akaokota jiwe, akaingiza mkono na kuligonga bati kutoka ndani mpaka tairi likazunguka, akamaliza wa pili. Jiwe lile liliacha vinundu saba upande wa nje, na hakukubali vitolewe maisha yake yote. Miaka ikapita, vibati vya namba vikaanza kughushiwa, na bwana mmoja akajitokeza na gari jekundu akidai ndilo lililokimbia siku ile. Dereva wetu alikuwa kitandani, amepooza, ulimi mzito. Alikufa huku watu wakisema alipiga chumvi. Sasa mkaguzi wa chama cha wenye magari hayo alikuwa anakuja Jumatano na picha ya gazeti iliyopigwa siku ile, kulinganisha. Vinundu saba ndivyo vilivyokuwa shahidi pekee wa marehemu.

Yote hayo bosi alielezwa. Sisi akatutupia mkia wake tu: kutu ya ukingo wa madigadi, rangi, na viti, kingine msiguse.

Jumatatu asubuhi nilikuwa ndani ya gari nashona kiti cha dereva, nikasikia nyundo ya Pasi ikibadilika sauti. Kutu haigongwi vile. Nilijua ametoka nje ya kazi aliyopewa, na sikusema neno, kwa sababu mdundo wake ulikuwa mtamu na mimi nilikuwa na uvivu wangu. Kabla ya chai alikuwa amemaliza. Akaniita nipitishe kiganja. Nikapitisha, bati laini kabisa. Nikamsifu, Mungu anisamehe.

Bosi alipoona, akakaa juu ya tairi bovu. Hapo ndipo alipotusimulia. Pasi alisikiliza nyundo ikiwa bado mkononi. Wanasema wema hauozi. Wa Pasi ulioza asubuhi moja.

Akaketi mbele ya lile bati akilitazama tu, na chakula hakukigusa. Mkewe alipopiga simu, aliniomba nijibu kwamba yuko chini ya gari. Nilijaribu kumtania, kwamba leo Pasi imeunguza nguo, nikaona macho yake nikakoma. Aliniambia jambo moja tu siku ile, na mpaka leo linanichoma.

"Dada, yule mzee alikuwa amebakiwa na maneno saba tu hapa duniani. Nimeyafuta."

Jumanne bosi alikuja na nakala ya ile picha na jiwe aliloliokota njiani. Hoja yake ilikuwa fupi: aliyetoa anaweza kurudisha, na mkaguzi hana habari. Pasi akakataa. Bosi akamuuliza kama anataka yule mama aambiwe mbele ya watu kwamba baba yake alikuwa mwongo. Pasi akalichukua lile jiwe. Na mimi, niseme ukweli wangu, nilimwambia apige.

Lakini mtu aliyetumia maisha yake kunyoosha hawezi kupiga ovyo, mkono unakataa. Alijaribu kwenye mabati mabovu, na kila pigo lilitoka la kifundi, limepangika. Ilibidi apige magoti kama dereva yule, akageuza uso pembeni asione anachogonga. Alipofika la saba alikuwa analia waziwazi wala hajifuti. Nikalinganisha na picha. Ningeapa mahakamani kwamba ndivyo vyenyewe. Akapaka rangi, akaenda nyumbani bila kuaga.

Jumatano mkaguzi alikuja na taa na rula. Akapima kutoka kinundu hadi kinundu, akatazama picha, akapima tena. Bosi alikuwa anasugua mikono kwenye suruali. Mwishowe mkaguzi akasimama wima, akampa binti mkono na kumwambia gari ndilo hilo, halina shaka. Akatia saini, akaiacha karatasi juu ya boneti, akaenda zake. Madai ya yule bwana wa gari lingine yalikwisha hapohapo. Nilishusha pumzi ya siku mbili.

Binti hakuondoka. Akiwa na nguo zake nzuri alipiga magoti kwenye sakafu yetu ya mafuta, akaanza kuvigusa vinundu kimoja kimoja. Alisema mkono wa baba yake uliacha kufanya kazi yeye akiwa bado mwanafunzi, hajui tena ulivyokuwa ukimshika, ila hapa umebaki. Kisha akalaza shavu kwenye lile bati, akalia kilio cha mtoto.

Bosi alimkazia Pasi macho. Mimi nilimvuta shati kwa nyuma asiseme, nikamvuta kwa nguvu, mpaka kifungo kikatoka.

"Mama," Pasi akasema, "hivyo ni vyangu."

Yule mama aliinua uso, bado hajaelewa, anatabasamu nusu. Pasi akamweleza yote, ya Jumatatu na ya jiwe na ya picha, hakumtaja bosi wala mimi. Alivyokuwa akieleza, mama yule aliondoa kiganja chake polepole juu ya bati, akakiweka kifuani.

"Na vya baba viko wapi?"

"Nilivinyoosha mwenyewe, mama. Nilidhani ni ubovu."