Nilivyoupima Moyo wa Mama Halima

Nichekeni tu, hata mimi nikikumbuka nafunika uso. Mwaka wa sabini na nne nilikuwa msaidizi wa daktari kwenye hospitali moja ndogo nje ya Arua, upande wa Manibe, kijana wa koti jeupe na majivuno tele, na Mama Halima akaletwa kutoka Koboko na uvimbe tumboni, mkubwa hivi kwamba sokoni walikuwa wakimuuliza atajifungua lini (bibi wa wajukuu tisa!), na maumivu hayamwachi akae wala alale.

Daktari wetu wa upasuaji akaniambia, "Mpandishe kilima hiki cha nyuma ya wodi, akifika juu mhesabu mapigo. Moyo ukiwa imara, kesho tunampasua. Ukiwa mbovu, dawa ya usingizi itamuua, bora arudi kwao."

Mimi nilitakiwa nimpeleke polepole tu. Lakini manesi walikuwa wanatazama, basi nikajitia kupanda kwa mbwembwe, na viatu vipya vya soli nene, na kifua cha paketi moja ya sigara kila siku, na Mama Halima mbele anasimulia vituko vya wakwe zake bila kupumzika, mimi nyuma ulimi nje. Kufika juu nikamkamata mkono, nikabana kwa kidole gumba, nikahesabu: mia moja hamsini na sita! Maskini, nikawaza, huyu hata chini hafiki.

Tukarudi, nikatangaza mbele ya wodi nzima, "Moyo wake haufai. Asipasuliwe."

Mama Halima akaangua kilio. "Dakitari, mimi nazaa watoto saba, nalima mpaka leo, moyo yangu iko muzima! Hii tumbo narudi nayo namna gani?"

Iliniuma, wallahi, lakini nikatikisa kichwa kama msomi.

Daktari akamshika mkono mwenyewe. Sabini na sita. "Wewe ulihesabuje?" Nikamwonyesha. "Kwa gumba? Gumba lina mshipa wake unaopiga, bwana! Umehesabu moyo wako!" Akanipima mimi, akaguna, akaniamuru nilale palepale, kitanda cha pili, wodi ya akina mama, watu wameshika mbavu.

"Pole, mwanangu," Mama Halima akasema huku anafuta machozi, "wewe ndiyo wasipasue."

Kesho yake alipasuliwa, akapona, akarudi Koboko mwembamba. (Kabla ya kulazwa mezani alidai gumba langu lifungwe bendeji, na daktari akalifunga kweli.)

Tangu siku hiyo gumba langu halijagusa mshipa wa mgonjwa. Watu hucheka wakisikia, na mimi nacheka nao, ila nikibaki peke yangu namwona yule mama ameshika tumbo lake, anarudishwa nyumbani kwa neno langu, kama ilivyobaki kidogo tu iwe.