Pedeli ya Pili

Kwenye karakana ya Ottilia Kapinga, Mbinga mjini, kuna mizani ya kupimia kahawa, na hakuna kitu kilichowahi kuingia kwenye gari lake bila kupanda kwanza juu ya mizani hiyo. Bolti, waya, viti, mpaka kopo la rangi. Riziki yake inatokana na kuchomelea madirisha na kutengeneza mashine za kumenyea kahawa. Msimu ukifika huitwa hadi Litumbandyosi. Lakini kilichomshughulisha akili kwa miaka minne ni hilo gari, na wala si gari la kubebea magunia. Ni gari la spoti, la umeme, aliloliunda mwenyewe na kulimaliza akiwa na miaka arobaini na moja, umri ambao wifi zake waliona angekuwa anamalizia nyumba.

Ukiliona unaweza kucheka. Liko chini kiasi kwamba mbuzi analichungulia ndani akiwa amesimama tu. Halina paa wala milango. Fremu ni ya bomba nyembamba za mraba, mwili na sakafu ni bati laini la alumini, magurudumu ni ya pikipiki, na mota na betri zilitoka kwenye bajaji ya umeme iliyopinduka Songea. Lote zima, kilo mia mbili na kumi na nne. Ottilia alikuwa mbahili wa gramu kuliko watu wengine walivyo wabahili wa fedha, na ubahili huo nusura uwaue yeye na baba yake.

Iko hivi. Gari la umeme la aina hiyo, ukiachia pedeli ya mwendo, mota inageuka jenereta: inazungushwa na magurudumu, inarudisha umeme kwenye betri, na hapohapo inalishika gari lisikimbie. Inaposhika hutoa mlio mwembamba, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Ottilia alilijaribu jambo hilo kwenye vilima vyote vya mjini, akaona mota inashika vizuri, akazing'oa breki za magurudumu ya mbele. Kilo kumi na moja zikaondoka. Zikabaki breki mbili ndogo za nyuma, za pikipiki, na yeye akajiona fundi kwelikweli.

Baba yake, mzee Nathanieli, aliendesha lori la ushirika kwa miaka thelathini na moja kati ya Mbinga na Mbamba Bay, akishusha mahindi na kupandisha dagaa, enzi barabara ikiwa ya vumbi na matope. Presha ya macho ilimnyang'anya usukani; sasa huona mwanga na vivuli tu. Tangu hapo hajakubali kupanda gari la mtu. Hata hospitali huenda kwa miguu, akishikwa mkono. Dada yake Luisa, aliyeolewa ziwani, alikuwa hajamwona mwaka wa sita sasa, na miguu ya Luisa ilikuwa imegoma, hawezi kuupanda mlima. Watu walimsihi mzee apande basi. Alijibu kwamba mtu aliyeushuka mteremko ule nusu ya maisha yake hawezi kushushwa kama gunia.

"Nitashuka siku Ottilia atakaponishusha na gari lake," alisema. "Akishindwa, msiniletee tena habari za kushuka."

Mzee hakuwa mtu wa kubadili neno. Ottilia alijua ana nafasi moja tu ya kuwakutanisha ndugu hao wawili wakingali hai.

Waliondoka Jumamosi asubuhi, mwezi wa saba, jua likiwa kali na upepo wa baridi. Mzee alikunja magoti akakaa, akapapasa bati kushoto kwake, akapapasa mbele. Akauliza swali moja.

"Breki ziko ngapi?"

"Za kutosha, baba."

Si jibu, na wote wawili walijua si jibu. Lakini gari lilikuwa limeshaanza kwenda, bila kelele, na watu walikuwa wanasimama kando ya barabara kupunga mikono, na mzee alikuwa anatabasamu. Wakapita mashamba ya kahawa, wakapita vilima vilivyochimbwa ngolo, yale mashimo ya kilimo cha milimani, kuanzia chini hadi juu, na Ottilia akaliacha jambo hilo lipite nalo.

Katika kijiji cha mwisho, pale mlima unapoanza kushuka kuelekea ziwani, lipo duka la Adinani. Baba yake Adinani aliuza dizeli kwa mapipa hapo, na madereva wa enzi za Nathanieli walikuwa na sharti: hushuki mpaka ujaze tangi, mafuta yaonekane shingoni. Ziwani hakukuwa na mafuta. Ukiishiwa kule chini unakaa wiki nzima unakula samaki na kuomba Mungu.

"Shikamoo, mzee," alisema Adinani.

"Marahaba, mwanangu. Tujazie."

"Baba, betri bado iko asilimia sabini na tano," alisema Ottilia. "Inatutosha na kubaki."

"Sikuuliza iko ngapi. Sijawahi kushuka hapa na tangi lililopungua, na leo sianzi."

Ottilia angeweza kubisha. Alikuwa amewahi kusoma, kwenye karatasi iliyokuja na mota, sentensi moja kuhusu betri iliyojaa. Aliisoma mara moja akaisahau, maana karakanani kwake umeme ni mmoja: akichaji hawezi kuchomelea, kwa hiyo betri ikifika themanini huichomoa arudi kazini. Betri ile haikuwahi kujaa hata siku moja. Akaona mzee apewe anachotaka. Adinani akapitisha waya dirishani, wakala ugali na maharage, wakangoja kwa saa tatu. Namba kwenye kioo kidogo cha kuonyesha chaji ikapanda hadi mia moja. Ottilia aliitazama kwa furaha, ndio ukweli, kama mama anayetazama sahani ya mtoto iliyomalizwa.

Wakaanza kushuka.

Kwenye kona ya kwanza aliachia pedeli ya mwendo na gari halikupunguza mwendo. Alidhani mguu wake haujaachia vizuri. Akautoa kabisa. Namba ya mwendo ikatoka thelathini ikaenda thelathini na saba. Kushoto mlima, kulia bonde, na mbele lami nyeusi ikijikunja na kutoweka.

"Mbona haiimbi?" aliuliza mzee.

Ottilia alikanyaga breki za nyuma, zikashika, mwendo ukapungua, akashusha pumzi. Alipoachia, gari likajitupa tena mbele. Akakanyaga, akashikilia. Kufikia kona ya pili harufu ya breki zinazoungua ilikuwa imewafikia puani, na pedeli ilikuwa inazama zaidi kila akiikanyaga.

"Usiishikilie," alisema baba yake kwa sauti ya chini. "Kanyaga, achia ipumue. Kanyaga, achia."

Alifanya hivyo. Arobaini na mbili. Arobaini na nane. Basi lilitokea chini likipanda, likapiga honi ndefu, na Ottilia akalivuta gari kushoto mpaka kioo cha pembeni kikakwaruza majani. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa aliona aibu, maana alizijua kilo kumi na moja zilikokuwa: juu ya rafu ya karakana, zimefungwa vizuri ndani ya gazeti. Upande wa baba yake alisikia bati la sakafu likilia, ta, ta, na hakuwa na nafasi ya kutazama.

"Hii ni kona ya ngapi?"

"Sijui, baba."

"Mimi najua. Ni ya tatu, nimehisi bega likielemea. Baada ya ya tano, kushoto, njia yetu ya zamani inaachana na hii. Inapanda. Iingie."

"Walishaweka lami. Huenda waliifukia."

"Huenda."

Kona ya nne aliipita gurudumu moja likiwa nje ya lami. Hamsini na tano. Breki sasa zilikuwa kama kukanyaga sifongo. Kwenye ya tano gari lilitaka kwenda bondeni, akalikatalia kwa mabega na tumbo na kila alichokuwa nacho, na lilipokaa sawa akaona kushoto ukuta wa majani marefu, hakuna njia yoyote.

"Sasa," alisema mzee.

"Ni majani matupu, baba."

"Ingia."

Aliingia. Majani yakawapiga usoni, mawe yakagonga chini, na pua ya gari ikainuka. Njia ilikuwepo. Ilikuwa inapanda kama mzee alivyosema, na gari likapoteza nguvu taratibu, likasimama, likataka kurudi nyuma. Ottilia akaruka nje akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu kwa mguu, akakaa chini kwenye majani.

Walingoja mpaka moshi wa breki ukaisha. Kisha alitazama kioo. Mia moja. Ndipo ile sentensi ya kwenye karatasi ilipomrudia, neno kwa neno.

"Betri imeshiba," alisema. "Ikishiba haipokei umeme, na isipopokea, mota haishiki."

Mzee aligeuza uso kwenye sauti yake. "Ni mimi niliyesema ijae."

"Hapana. Mimi ndiye fundi." Alitazama gurudumu la mbele. "Na breki za mbele hazipo, baba. Nilizitoa ili gari liwe jepesi. Uliponiuliza nilikuficha."

Alingoja akaripiwe. Alitaka akaripiwe, afadhali hilo kuliko ule uso uliotulia. Mzee alipangusa mbegu za majani kwenye goti lake moja moja.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza.

"Ili tushuke, lazima tupande kwanza. Nirudi juu, nizunguke mpaka betri ipungue, halafu tuje upya. Wewe nitakuacha kwa Adinani, nikishalijaribu nitakufuata. Au tutafute gari lingine, sitakulaumu."

"Nimekuja nalo hili," alisema mzee.

Wakapanda. Adinani aliwaona wakipita mbele ya duka kurudi Mbinga, akatoka mlangoni na kikombe mkononi. Baada ya muda akawaona wakirudi, kisha wakigeuza tena. Mara ya nne aliacha kupunga mkono. Waliuchoma umeme walioungojea saa tatu, wakipanda vilima kwa mwendo wa juu kadiri gari lilivyoweza, mzee ameshikilia kofia, mpaka kioo kikasoma sabini na nane. Ottilia alisimama ukingoni mwa mteremko.

"Twende," alisema mzee. "Luisa ananingoja."

Alianza kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kabla ya kona ya kwanza aliachia pedeli. Sekunde moja, kimya. Kisha mota ikaanza kuimba, gari likashikwa, na Ottilia akalia waziwazi huku ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Alishuka kwa mwendo wa ishirini na tano mteremko wote, malori yakimpigia honi, na hakujali.

Luisa alikuwa kibarazani kwake Mbamba Bay tangu adhuhuri, kwenye kiti cha kamba. Kaka yake alimfikia kwa kupapasa. Alimshika vidole akavihesabu, naye Luisa akamwambia amekonda. Ottilia aliwaacha wakishikana, akarudi kwenye gari kuchukua mfuko wa nguo.

Hapo ndipo alipoona. Sakafu ya upande wa baba yake, ile alumini laini aliyoichagua kwa wembamba wake, ilikuwa imebonyea kwa umbo la kiatu. Mguu wa kulia. Mahali hasa ambapo pedeli ya breki ya lori ingekuwa. Mzee alikuwa anakanyaga pamoja naye, kona zote tano, akikanyaga, akiachia.

Jumatatu ya wiki iliyofuata alizirudisha breki za mbele bila kuzipima. Kisha akachomelea pedeli ya pili, kushoto, juu ya kile kibonyeo, akaivutia bomba la mafuta ya breki mpaka kwenye magurudumu yote manne. Alimwita baba yake, akamkalisha, akausogeza mguu wake pale, akaliachia gari literemke lenyewe kwenye kijimteremko cha uani.

Mzee alikanyaga. Gari likasimama.

"Ina kilo ngapi?" aliuliza.

"Sijui, baba," alisema Ottilia. "Sikuipima."